Takwimu, Mkwe na Ubao wa Magurudumu

Wiki mbili baada ya mimi kustaafu, Brenda alinipigia simu kutoka ofisini. Ndiye aliyerithi meza yangu ya usajili hapo Bungoma, pamoja na kiti changu chenye mguu mmoja mfupi. Alikuwa amefungua droo ya chini, ile inayokwama, akakuta fomu mbili za kuacha somo. Zimejazwa, zimesainiwa, kila kitu kipo ila muhuri.

"Madam, hizi nizifanyie nini?"

Nikamwambia aziache hapo hapo mpaka nimwandikie. Nilidhani nitamwandikia nusu ukurasa. Lakini huwezi kueleza fomu mbili bila kueleza meza, na huwezi kueleza meza ile bila kueleza hesabu. Kwa hivyo Brenda, na wewe Kevo unayekaa naye ofisini, wekeni chai karibu.

Jina langu mnalijua. Mimi ni Prisca Chemtai, mzaliwa wa Saboti, mtu wa mwili. Nautaja mwili mapema kwa sababu mbele ya safari utakuja kufanya kazi.

Nilianza kazi Kitale, chuo chetu kikiwa majengo matatu na shamba la mahindi. Siku ya kwanza ilinyesha tangu asubuhi, nami nilikuwa nimevaa viatu vya kuazima vya dada yangu, vinavyobana. Walinipeleka kwa Mzee Ezekiel, karani mkuu wa usajili, mtu mwembamba mwenye penseli nyuma ya sikio ambayo sikuwahi kumwona akiitumia. Aliniangalia juu mpaka chini, akauliza swali moja tu.

"Hesabu ulipata nini shuleni?"

"E," nikasema.

"E ya kuonewa ama E yako mwenyewe?"

"Yangu kabisa, mzee."

Alicheka mpaka penseli ikaanguka. "Basi utafaa hapa. Aliyefaulu hesabu hajui mtu anayeiogopa anaogopa nini. Keti."

Nikaketi, na sikusimama kwa miaka thelathini na moja. Lakini niseme ukweli, kwa sababu sasa sina mkubwa wa kunikemea: ile E iliniuma. Masomo mengine yote nilikuwa nimepita vizuri. Ni hiyo moja iliyonifungia mlango wa chuo kikuu, halafu mshahara wangu wa kwanza ukawa wa kukaa mlangoni hapo hapo, nikiwaelekeza wengine waingie.

Sheria ya chuo haijabadilika. Kila mwanafunzi, awe anasomea kilimo, ualimu au dini, lazima apite somo moja la hisabati lililowekwa kwa ajili ya watu wote. Achague mwenyewe. Kitale tulikuwa na matatu. Kulikuwa na Hisabati ya Jumla, iliyosifiwa kuwa nyepesi na watu ambao hawajaifanya. Kulikuwa na Takwimu, iliyoogopwa kwa sababu ya jina. Na kulikuwa na Kalkulasi, ambayo wengi waliichagua kwa bahati mbaya.

Ungefikiri mtu anayechagua kitu cha kumaliza nacho shahada atauliza maswali. Hapana. Mmoja alichagua somo la saa nane kwa sababu asubuhi anakamua ng'ombe wa mjomba. Mwingine alichagua lile ambalo mhadhiri wake ni mgonjwa mara kwa mara. Binti mmoja alichagua Takwimu kwa sababu darasa lake lilikuwa na madirisha yanayotazama Mlima Elgon, na kusema kweli huyo alifaulu. Lakini wengi walikuja na neno moja tu: "Nipatie yoyote."

Mzee Ezekiel alikuwa na dawa ya neno hilo. "Mtu akikuambia yoyote," alinifundisha, "mwambie akanywe chai kwanza. Hakuna anayeenda Chwele sokoni kununua ng'ombe yeyote. Hata mlevi huangalia meno."

Mwanafunzi akirudi kutoka kwenye chai, alikuwa anaulizwa maswali matatu. Unasomea nini? Baadaye unataka kuwa nani? Na nyumbani ulikuwa unafanya kazi gani? Hilo la tatu ndilo lilikuwa la Mzee Ezekiel mwenyewe, halimo kwenye kitabu chochote cha chuo. Kijana mmoja wa Chwele alijiona mjinga wa hesabu, kumbe ndiye aliyekuwa akipanga kabichi kwenye pikapu kila siku ya soko, na kabichi zake hazikuwahi kuanguka barabarani.

"Nani alikufundisha kuzipanga?" mzee akamuuliza.

"Hakuna. Unaangalia tu nafasi, bana. Kubwa chini, ndogo zinaingia kwa mashimo."

"Hiyo unayoiita nafasi, kuna watu wanalipwa kuifundisha. Andika Kalkulasi."

Alipita kwa B. Sasa anajenga matangi ya maji, na bado ananiita shangazi.

Vifaa vya kazi vilikuwa vichache. Kulikuwa na rejista kubwa yenye jalada la kitambaa chekundu, rula ya mbao, kikopo cha wino, na muhuri. Kompyuta zilikuja baadaye, rejista ikaenda kulala stoo na panya. Lakini muhuri ulibaki, na mnajua kwamba hadi leo mtu anayetaka kuacha somo lazima alete fomu ya karatasi, na fomu isiyogongwa muhuri kabla ya Ijumaa ya wiki ya tatu kwisha ni karatasi ya kufungia mandazi tu. Mzee Ezekiel alipostaafu aliniwekea muhuri huo mkononi. "Huu ni mdogo," akasema, "lakini umeshaharibu maisha ya watu wengi waliougonga kwa haraka." Nilidhani anatania.

Nilifanya makosa, msidhani nilikuwa malaika. Walikuja vijana sita wa Chwele, wote waliotahiriwa msimu mmoja, marika wa kufa na kuzikana. Mmoja wao alikuwa na kichwa cha hesabu na akajiandikisha Kalkulasi. Watano wakasema nao ni Kalkulasi. Niliwauliza yale maswali matatu, wakajibu kwa pamoja, kama kwaya. Nilimwambia mmoja wao, aliyekuwa anasomea dini, kwamba nabii hatamuuliza Kalkulasi. "Madam," akanijibu, "mimi na huyu tulisimama mbele ya kisu siku moja. Sasa nimwache kwa namba?" Nikawaandika. Wanne walianguka, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Walirudia pamoja, yule mwenye kichwa cha hesabu akiwafundisha jioni kantini, na mara ya pili wakapita wote.

Kosa langu kubwa lilikuwa la binti mmoja aliyeitwa Chelangat. Alikuja akiangalia orodha ya masomo kama mtu anayesoma hukumu. Nikajiona mimi mwenyewe nikiwa na viatu vya dada yangu. Sikumuuliza hata swali moja. Nikamwambia, "Mwanangu, chukua Hisabati ya Jumla, umalizane nayo." Alichukua, akapata A bila kutoka jasho. Mwaka wa pili akataka kuhamia uchumi, wakamwambia hawatambui somo hilo, lazima awe na Takwimu. Alipoteza mwaka mzima. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi kuliko kugombezwa. Tangu siku hiyo niliandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya droo: Usimchagulie mtu kwa woga wako.

Baadaye nikahamishiwa tawi la Bungoma, na karatasi ile nikaibandika kwenye droo ya huko. Kitale majina yalikuwa yamegawana alfabeti vizuri, watu wa kila upande wakiwa na herufi zao. Bungoma, herufi W peke yake ilijaza kurasa kuliko nyingine zote zikikusanywa. Wafula kumi na mmoja, Wanjala tisa, Wekesa sikuwahesabu. Nilijifunza kuwatambua watu kwa majina ya kwanza na kwa viatu.

Hapo ndipo nilipokutana na walimu wa likizo. Ni watu wazima, wanafundisha shule za msingi muhula mzima, halafu shule zikifungwa wanakuja wenyewe kukaa kwenye madawati. Aprili, Agosti, Desemba. Wanakuja na daftari lililofunikwa kwa gazeti, wanauliza ruhusa ya kwenda chooni. Niliwapenda sana. Kwao hakukuwa na kuchagua kwingi: anayetaka shahada ya ualimu lazima apite Takwimu. Na kulikuwa na kikomo, miaka sita. Ukipitisha hapo faili lako linafungwa, unaanza upya kama mtoto wa nasari.

Mwalimu Protus Wasilwa alikuwa wa Bokoli, mfundishaji wa Kiswahili na Historia, mtu mpole mwenye kofia ya kahawia asiyoivua ila kanisani. Alikuwa amemaliza kila kitu, amebakiza Takwimu. Aprili akajiandikisha. Wiki ya pili akaja na fomu.

"Madam, hii Takwimu nataka kuiacha."

"Hesabu inakusumbua?"

Aliangalia dari. "Aah, si ati hesabu. Ni mambo tu ya nyumbani."

Nikagonga muhuri. Agosti akarudi, akajiandikisha tena, na wiki ya pili akaleta fomu tena. Desemba vivyo hivyo. Kila mara dari, kila mara mambo ya nyumbani. Mimi, daktari wa woga wa hesabu, nikajua ugonjwa huo naufahamu.

Kulikuwa na mwingine, Mwalimu Felista Wasike wa Chwele, naibu wa mwalimu mkuu, mama wa miaka hamsini na kitu, mwenyekiti wa akina mama kanisani. Yeye alisomea ualimu wa kilimo. Naye alibakiza Takwimu tu, naye aliiacha Aprili, Agosti na Desemba. Huyu alinishangaza, kwa sababu kila likizo alikuwa anapata alama zote katika jaribio la kwanza, lile la kufanyia nyumbani, kabla ya kuacha.

"Mwalimu, wewe si unaijua hii kitu?"

"Naijua."

"Sasa?"

"Acha tu, Mama. Kuna mambo."

Nikagonga muhuri. Nadhani mmeshaelewa. Mimi sikuelewa. Fomu mbili, kila likizo, majina mawili yaliyofuatana kwenye orodha, Wasike na Wasilwa, na mimi nazigonga moja baada ya nyingine huku nikifikiria chakula cha mchana.

Ikafika Aprili iliyofuata. Nilipofungua mafaili yao niliona jambo moja: wote wawili walikuwa katika likizo yao ya mwisho. Wakiacha tena, miaka sita ya kila mmoja imekwenda na maji. Nikaamua safari hii simwachi mtu. Nikamwita Mwalimu Protus ofisini.

"Nimekutafutia mtu wa kukusaidia," nikamwambia. "Ni mama mmoja, kwa Takwimu ni moto wa kuotea mbali. Mtakaa pamoja kila siku saa moja. Nimemwambia aje sasa hivi."

Alifurahi, maskini. Aliweka kofia yake mezani kabisa. "Asante, Madam. Anaitwa nani?"

"Mwalimu Felista, wa Chwele."

Sijawahi kuona mwalimu wa Historia akikimbia namna hiyo. Ofisi ile ina mlango mmoja, na mlangoni hodi ilikuwa imeshapigwa. Aligeuka mara mbili, akaona hakuna njia, akajipenyeza nyuma ya kabati la mafaili. Mwalimu Felista akaingia, akatabasamu, akaiona ile kofia mezani. Tabasamu likazimika. Akavuta leso mpaka usoni, akageukia ukutani, akabaki akiongea na kalenda.

"Mama," akasema, "nyuma ya hiyo kabati kuna mtu?"

"Yupo."

"Huyo ndiye ameoa binti yangu Nasimiyu."

Halafu sauti ndogo ikatoka nyuma ya kabati. "Mulembe, mama."

"Mulembe," akaijibu kalenda hiyo salamu ya amani ya Kiluhya, na kutoka taratibu, mgongo ukitangulia.

Nilibaki nimekaa, nikizihesabu zile fomu kichwani. Tatu za huyu, tatu za yule. Kila likizo wote wawili walikuwa wanajiandikisha, kila mmoja akitumaini mwenzake ameshapita. Kila likizo orodha ya darasa ikibandikwa wiki ya pili, kabla ya vipindi vya pamoja kuanza, walikuwa wanaonana jina, na wote wawili wanaacha siku moja, kila mmoja akimpisha mwenzake. Likizo inayofuata wanakutana tena. Na mimi mtu wa Saboti, ambako heshima ya mkwe na mama mkwe kutoonana uso kwa uso ipo na naijua tangu utoto, nilikuwa nimeona hesabu tu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyoniuma mimi. Ile karatasi ya ndani ya droo ilikuwa imebanduka zamani.

Najua, Kevo, utasema hayo ni mambo ya kale. Kweli wako watu siku hizi wanaokula kuku meza moja na mama mkwe na kugombania firigisi. Hawa hawakuwa wa namna hiyo. Mwalimu Protus alinieleza baadaye kwamba akimwona mama mkwe barabarani anaingia kwenye mahindi ya mtu yeyote aliye karibu. Masomo yao mengine yalikuwa tofauti, ratiba ikawastahi kwa miaka yote. Ni Takwimu tu iliyokusanya watu wote kwenye chumba kimoja.

Ijumaa ya wiki ya tatu, siku ya mwisho ya kuacha somo, Mwalimu Felista alikuja asubuhi na mapema na fomu.

"Nitoe mimi," akasema. "Mimi nakaribia kustaafu, shahada nitaitundika wapi, kwa jiko? Huyo kijana ndiye analea wajukuu wangu. Asipopata cheti cha safari hii ataanza upya na umri huo. Lakini usimwambie nimesema."

Aliiacha mezani. Saa nne akaja Mwalimu Protus na fomu yake.

"Madam, mama apite. Mimi bado kijana, nitaanza upya. Siwezi kuchukua shahada kwa kumfukuza mama darasani. Nikienda nayo nyumbani, Nasimiyu nitamwangalia na macho gani? Lakini usimwambie."

Nikazitazama fomu mbili. Nikizigonga zote, chuo kinapoteza walimu wawili kwa adabu. Nikigonga moja, nimemfunga mmoja faili kwa mkono wangu, na aliyebaki hatakaa kwenye kile kiti kwa furaha hata dakika moja. Nilimkumbuka Mzee Ezekiel na maneno yake kuhusu haraka. Nilimkumbuka pia Chelangat, aliyeniamini.

Mchana huo muhuri ulipotea. Mkuu wa ofisi alikuja kuutafuta, akafungua kila droo, akaangalia chini ya zulia. Alitafuta mpaka saa kumi na moja jioni, ofisi ikafungwa, na tarehe ikapita. Haukuonekana kwa sababu nilikuwa nimeukalia. Nilisema mwili wangu utafanya kazi.

Hilo kikazi ni kosa, na nawaandikia waziwazi msije mkalifanya. Au mkilifanya, mjue mnamfanyia nani na kwa nini, na muwe tayari kukaa bila kusogea kwa saa nne.

Jumatatu nilizisukuma zile fomu kwenye droo ya chini, ndizo hizo ulizozikuta, Brenda, kisha nikawaita wenyewe mmoja mmoja. "Fomu yako haikugongwa," nikawaambia. "Somo bado ni lako. Sheria ni sheria."

Mwalimu Felista akauliza, "Muhuri ulipotelea wapi?"

"Mwalimu, hapo siwezi kukuonyesha."

Sasa ilibaki kumweleza mhadhiri. Takwimu ilifundishwa na Daktari Mumo, kijana kutoka Ukambani, mweledi sana, ambaye hakuwa na habari ya lolote. Nilimweleza habari yote. Akasikiliza kwa makini, akauliza kama hao wawili wamegombana.

"Hawajagombana. Wanapendana sana."

"Sasa shida ni nini?"

"Shida ndiyo hiyo."

Alikuna kichwa. Lakini namsifu, kwa sababu hakucheka, na kesho yake alikuja na jambo ambalo mimi na E yangu tusingeliwaza. Kulikuwa na ubao mmoja wa zamani wa magurudumu stoo, mrefu kuliko mtu. Aliusukuma mpaka katikati ya darasa, kuanzia mbele kuelekea nyuma, viti kumi na viwili upande huu, kumi na viwili upande ule, yeye akasimama mbele anapoonekana na wote. Halafu akaandika swali la siku: Viti ni ishirini na vinne. Watu wawili hawawezi kuonana. Wanaweza kukaa kwa njia ngapi?

Nilikuwa nimesimama mlangoni na bahasha niliyojifanya naipeleka mahali. Walimu wale wote wana wakwe. Hakuna aliyehitaji kuelezwa swali. Waliinama kwenye karatasi kama watu wanaotafuta sindano.

Mwalimu Protus, upande wa dirisha, ndiye aliyeinua mkono kwanza. "Kumi na mbili mara kumi na mbili. Mia moja arobaini na nne."

Kutoka upande wa ukuta ikasikika sauti tulivu. "Daktari, mwambie mtu wa upande ule amesahau kitu. Huyo wa dirishani anaweza kuhamia ukutani, na wa ukutani akaenda dirishani. Azidishe mara mbili."

Daktari akageuka. "Mwalimu Protus, unaambiwa..."

"Nimesikia, Daktari. Mwambie huyo mtu asante. Ni mia mbili themanini na nane."

"Mwambie ni sawa."

Darasa lilipiga makofi. Na kuanzia siku hiyo wakasoma hivyo wiki zote zilizobaki, maswali yakipita kwa Daktari kama barua zinazopita posta. Siku moja Daktari mwenyewe alikosea ubaoni, na pande zote mbili zikamwambia kwa pamoja. Mimi nilikuwa na bahasha nyingi sana za kupeleka mlango ule. Nilielewa wastani ni nini, nikiwa na umri ule, nikiwa nimesimama. Hakuna aliyenitisha, na haikuuma hata kidogo.

Siku ya mtihani alikuja msimamizi kutoka makao makuu, mkali. Alitaka ubao uondolewe kwa sababu unaweza kuandikwa majibu. Nilikwenda mbio kwangu, mwendo wangu wa mbio, nikarudi na shuka la kitanda lenye maua ya waridi, tukaufunika juu mpaka chini. Alizunguka ubao mara mbili, akaligusa shuka, akashindwa kupata sheria inayokataza waridi.

Mwalimu Felista alipata A. Mwalimu Protus alipata C, na akaniambia hajawahi kupata C tamu kama ile. Faili zao zilifungwa vizuri, kwa furaha, na zilikuwa miongoni mwa faili za mwisho nilizofunga, maana nami muda wangu ulikuwa umefika. Keki ya kuniaga mliila nyinyi, msijifanye hamkumbuki.

Nilidhani yameisha. Siku nne kabla ya mahafali simu ikalia. Ni Mwalimu Felista.

"Mama, tuko na shida. Tumepangwa kwa majina. Kila mtu anapanda jukwaani peke yake, lakini kwa foleni ni Wasike, halafu Wasilwa. Atakuwa nyuma yangu kabisa, pumzi yake kwa shingo yangu. Na hakuna ubao."

"Ubao upo," nikamwambia. "Ubao ni mimi."

Mtunza stoo alinipatia joho kubwa kuliko yote, lile ambalo kila mwaka hubaki, na likanitosha kama lilishonwa kwa kuniwazia mimi. Nikaingia kwenye foleni kati ya Wasike na Wasilwa. Mpango ulikuwa nifike hadi kwenye ngazi, Mwalimu Felista apande, kisha mimi nichepuke pembeni kabla ya Mwalimu Protus. Jua lilikuwa kali, kofia ile ya pembe nne iliniwasha kichwa, na familia yote ya Chwele na Bokoli ilikuwa upande wa kushoto ikipiga vigelegele, Nasimiyu akiwa katikati, hajui ashangilie nani kwanza.

Jina la Felista Wasike likaitwa, akapanda. Nikageuka nitoke. Hapo nikasikia sauti nyuma yangu, ya chini, ya Mwalimu Protus.

"Madam, tafadhali usitoke. Bado yuko juu pale anapigwa picha. Ukitoka namwangalia uso kwa uso."

Nilitazama juu, na kweli mpiga picha alikuwa amemshika Mwalimu Felista hapo hapo. Nyuma foleni ilikuwa inasukuma. Msoma majina akawa anasubiri. Basi nikapanda. Ngazi zilikuwa tano, nazikumbuka moja moja, na miguu yangu haikuwa na viatu vya kuazima.

Jina langu halikuitwa, kwa sababu halikuwepo. Mkuu wa chuo aliangalia karatasi yake, akaniangalia mimi na joho langu, akaona haya kumwuliza mtu mzima swali la aibu mbele za watu. Akanyoosha mkono.

"Hongera sana, mama. Ulisomea nini?"

Nyuma yangu Mwalimu Protus alikuwa ameinama. Mbele yangu Mwalimu Felista alikuwa anateremka, leso usoni, mabega yakicheka. Nikaupokea mkono ule kwa mikono miwili, na machozi yalikuwa yameshafika.

"Hesabu," nikamwambia. "Miaka thelathini na moja."